Mkono Ulioinuliwa na Umeme

Tulipomwosha dada Gaudensia, mwaka huu mvua zikiwa zinakatika, wanawake wa jumuiya waliniachia mkono wa kulia. Hakuna aliyepanga. Kila mmoja alishika sehemu yake, huyu miguu, huyu mgongo, huyu kichwa, na ule mkono ukabaki umelala pembeni ya mkeka kana kwamba ulikuja na mtu mwingine. Nikauchukua mimi. Ulikuwa mwepesi, umekauka kuanzia begani, na kiganja chake laini kama cha mtoto, maana hakikuwa kimeshika jembe wala mwiko tangu mimi nikiwa msichana mbichi. Chini ya kiwiko kulikuwa na makovu madogo ya mviringo. Mwanamke mmoja kijana akaniuliza, "Mama, hapa marehemu aliungua na nini?" Nikamjibu, umeme. Akashtuka, akadhani dada aliwahi kunaswa na waya. Nikamwambia hakunaswa, aliuomba mwenyewe, kila asubuhi, karibu mwaka mzima. Wenzake wakanikata jicho, kwa sababu hayo si maneno ya kusemea juu ya maiti, lakini mdomo wangu haujawahi kuwa na breki, na siku ile nilikuwa na uchungu.

Kwa hiyo nausimulia mwaka huo, basi. Tulizaliwa wapi, kwa baba gani na mama gani, hayo waachieni wanaoandika mirathi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza la saba na kukaa nyumbani, na niliambiwa nifunge vitu vyangu nikamwuguze dada yangu katika hospitali ya misheni, huku juu Umatengo. Niliambiwa ni kwa wiki mbili. Nilibeba gauni moja la kubadilisha na kanga mbili, nikarudi nyumbani kahawa ikiwa imechumwa, imekaushwa na kuuzwa, na gauni haliniingii tena.

Dada alikuwa ameolewa na Alanus, dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini Mbinga. Kwao Alanus ni chini, ufukweni Nyasa, familia ya Kianglikana iliyokula samaki na ugali wa muhogo tangu enzi na enzi, na sisi Wakatoliki wa milimani tulikuwa tukimtania kwamba ametorokea kwenye kahawa kwa sababu anaogopa maji. Alikuwa mcheshi, mwembamba, na hakujua kutulia. Lori lake halikuwa na betri ya maana. Dawa ya ugonjwa huo watu wa milimani wanaijua: unaliegesha gari kwenye mteremko, asubuhi mnalisukuma, linaanza kuserereka, dereva anaachia klachi, linakohoa mara mbili tatu, halafu linawaka, na wasukumaji wanashangilia kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Siku ya ajali Alanus na dada walikuwa wanateremka ziwani na magunia ya mahindi. Dada alikuwa amempisha mama mmoja mgonjwa akae mbele, yeye akapanda juu ya magunia. Kwenye kona moja lori likainama. Wengine waliruka wakapata michubuko. Dada alidaka bomba la turubai kwa mkono wa kulia, mwili ukarushwa nje, na mkono ukakataa kuachia. Ukivutwa hivyo, shingo inakwenda huku na bega linakwenda kule. Mkono huo ndio uliomwokoa asiangukie makorongoni, na huo ndio uliokufa.

Nilipofika wodini nilimkuta amekaa kitandani, mkono ameufunga na kanga kifuani, anacheka na mgonjwa wa kitanda cha pili. Nikamwamkia, nikamuuliza unaumwaje. Akaniambia, "Editruda, hebu nifinye hapa." Nikamfinya kidole. "Fanya kwa nguvu." Nikafinya mpaka kucha yangu ikaacha alama, naye akanitazama tu usoni. Kisha akasema jambo ambalo sikulielewa kwa siku nyingi, kwamba kidole hicho hicho kisichosikia kucha kinawaka moto, mchana na usiku, kama mtu amekishikilia jikoni. Mimi kwa ujinga wangu nilidhani kitu kilichokufa hakiumi.

Chumba cha mazoezi kilikuwa mwisho wa baraza, kikinuka maji ya chumvi na mpira. Zamani kilikuwa stoo ya mbegu, na panya walikuwa hawajapata habari kwamba kimebadilishwa matumizi. Kulikuwa na mabomba mawili ya kushikia wanaojifunza kutembea, kioo kirefu chenye ufa, kitanda cha mbao, na juu ya meza, chini ya kitambaa kilichofumwa na masista, mashine. Lilikuwa sanduku la kijivu lenye vifundo viwili vikubwa na mshale, na maandishi ya lugha ambayo hata masista walisema si ya kwao. Umeme wa hospitali ulitoka kwenye mto, kwenye kinu kidogo, ukipungua kiangazi na kurudi na mvua. Mwenye chumba hicho aliitwa Bwana Menrad, mtaalamu wa fiziotherapia, mtu mrefu wa maneno machache, aliyesomea kazi hiyo miaka mingi na bado wauguzaji, yaani ndugu wa wagonjwa, jikoni kwao wakimwita fundi umeme. Kazi yangu mimi ilikuwa kuloweka vitambaa kwenye maji ya chumvi, kuvikamua visidondoke, na baadaye kuvifua. Bwana Menrad alivikunja, akaweka juu yake bamba dogo lenye waya, akavifunga kwa mkanda wa mpira, na kuzungusha kifundo polepole huku akimtazama dada usoni, wala si kwenye mashine.

Alianza na bega na shingo, mahali ambapo dada alikuwa bado anasikia. Hiyo ilikuwa dawa ya maumivu. Dada alisema inawashawasha kama upupu, kisha inakuwa kama upupu wa mtu mwingine, na moto wa vidoleni unapungua mpaka mtu anaweza kuzungumza juu ya mambo mengine. Siku ya kwanza alilala mchana kutwa. Bwana Menrad alimweleza kwamba ule mchonyoto wa juu unaushughulisha mwili, kwa hiyo habari za maumivu hazipiti zote kwenda kichwani. Dada akamjibu, "Kama mwanamke mwenye wageni wengi, hana nafasi ya kusikiliza mtoto analia." Bwana Menrad akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka, na mara zenyewe hazikuwa nyingi.

Mimi mwenyewe sasa napata tiba hiyo hiyo. Magoti yamenikataa, na tangu msiba mgongo nao umejiunga nayo. Nakwenda hospitali mjini, binti mmoja ananibandika vipande vinavyonata vyenyewe, mashine yake inaenea kiganjani kama simu, na ananiamkia "Shikamoo bibi" kwa sauti ya kupendeza. Juzi nilimuuliza habari za mkono ulionyofoka mizizi ya mishipa ya fahamu shingoni. Akaniambia mengine bado hayatibiki, lakini siku hizi mgonjwa akiwahishwa hospitali kubwa, wapo madaktari wanaojaribu kuunganisha, na wengine wanapata hata kukunja kiwiko. Nikasema ahsante. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi, malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanapita barabarani na vumbi lake, na nililia kama mtoto mbele ya watu wanaosubiri namba zao. Kukunja kiwiko tu. Dada angeweza kukumbatia kikapu.

Jikoni kwa wauguzaji ndiko tulikoishi hasa. Lilikuwa banda refu la bati, mafiga safu mbili, moshi umepaka boriti lami. Kila mtu na sufuria yake, lakini mboga zilitembea. Sisi wa milimani tulileta maharage na unga wa mahindi, watu wa ziwani wakaleta usipa, dagaa wa Nyasa, na harufu ya usipa ikikaangwa iliwatoa wagonjwa vitandani kuliko kengele ya muuguzi. Malkia wa jiko alikuwa Mama Fidea, wa Liparamba, aliyekuwa akimwuguza mume wake aliyevunjika nyonga. Mama huyo alijua ugonjwa wa kila kitanda na alikuwa na neno kwa kila mmoja. Mimi nilimwogopa na kumpenda. Alinifundisha kupika ugali wa muhogo usiwe gundi.

Alanus alikuja kila safari yake ilipompitisha Kitai kuelekea Mbinga. Tulilijua lori lake kwa mlio, maana halikuzimwa mpaka limepata mteremko wa kuegeshwa, na mteremko mzuri ulikuwa nyuma kabisa ya wodi ya wanawake. Alikuja na usipa, ndizi, sabuni, mara moja mto wa kulalia alioununua Songea. Hakukaa kitini. Alisimama, akatoka, akarudi, akachungulia chini ya kitanda kana kwamba kuna kitu kinavuja. Hakuutazama mkono. Alimpa dada vitu kwenye mkono wa kushoto, naye ni mtu aliyelelewa vizuri, anayejua kwamba kwetu hakuna kupeana kwa kushoto. Dada alivipokea na kuvipanga pembeni mwa kitanda.

Zilipopita wiki kadhaa, Bwana Menrad aliamua kuamsha msuli wenyewe. Akafunga vitambaa nyuma ya mkono, chini ya kiwiko, akazungusha kifundo cha pili. Alizungusha sana. Halafu vidole vya dada, vilivyokuwa vinaning'inia tangu ajali, vikaanza kuinuka. Viliinuka taratibu, vikasimama kidogo, vikashuka. Kwa bahati, ama kwa balaa, Alanus alikuwa amesimama mlangoni siku ile. Alipiga kelele iliyowaleta wauguzi mbio. "Limekohoa! Jamani, limekohoa!" Akaingia, akapiga magoti mbele ya kitanda cha mbao, na kwa mara ya kwanza akautazama ule mkono. "Gaude, umeona? Likishakohoa hilo linawaka. Ni kusukuma tu. Tutasukuma!" Bwana Menrad akamwambia, taratibu, kwamba hii ni mashine inayoinua. Alanus akajibu kwamba hata lori halijiwashi, watu ndio wanaosukuma, kisha linakwenda lenyewe mpaka Makambako. Ungemwambia nini mtu huyo? Tangu azaliwe hajaona gari lililokohoa likakataa kuwaka. Jioni jikoni alisimulia mara tatu, na watu wote wa milimani wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu kila mmoja wao amewahi kusukuma gari. Mama Fidea peke yake aligeuza usipa wake, akasema polepole, akidhani simsikii, "Hata kuku ukimchinja anarukaruka."

Kilichofuata nilikisikia kwa sababu nilikuwa nafua vitambaa chini ya dirisha la chumba cha mazoezi. Bwana Menrad alikuwa amejaribu kitu kipya asubuhi ile, akasema maneno mengi kuliko kawaida yake.

"Gaudensia, wewe ni mtu mzima, nakueleza. Mashine hii ina mikondo miwili. Upo wa harakaharaka. Huo, msuli wenye afya unauitikia papo hapo. Wako nimeujaribu mara nyingi, hauitiki. Unaitika ule wa polepole tu, tena kwa nguvu nyingi. Maana yake njia ya fahamu imekatika kabisa, pale pale shingoni. Mimi nainua vidole kutoka nje. Wewe ukiviagiza, agizo halifiki."

Nilisikia panya akipita darini. Dada akauliza, "Halitafika?"

"Sijaona mkono wa namna hii ukarudi."

"Basi usimwambie Alanus."

"Ni mumeo. Ataniuliza."

"Mwambie unachokiona. Vidole si vinainuka? Sema vinainuka." Kisha sauti yake ikawa ya chini nikalazimika kuacha kufua. "Akijua ataondoka. Hataondoka kwa kunichukia. Namjua yule. Hawezi kukaa na kitu alichokiharibu. Hata sahani akiivunja, anatoka nje, mimi ndiye naokota."

"Lakini mkondo wa mkono haukusaidii. Unakuunguza ngozi bure. Tubaki na ule wa bega, wa maumivu."

"Weka yote miwili," dada akasema.

Hivyo ndivyo makovu yale yalivyopatikana. Mkondo wa nguvu unaochukua muda mrefu unachoma ngozi hata ukiloweka vitambaa vizuri, na mimi nililoweka vizuri, nilikuwa nabadilisha maji kila mara. Karibu na kiwiko dada alikuwa bado anasikia kidogo. Niliona jasho likimtoka juu ya mdomo. Nilitaka kumwambia kwamba najua, nikaona akinitabasamia, nikajua kwamba anajua kuwa najua, na tukaendelea hivyo. Wapo watakaosema alimdanganya mume wake. Waseme. Mimi nilimwona akijilipia kila siku moja aliyobaki naye, na sijaona tangu hapo mapenzi yanayofanana na yale, hata katika ndoa yangu ambayo ilikuwa nzuri.

Siku iliyomponza ilikuwa ya furaha kuliko zote. Alanus aliomba aone mkono ukifumba, kwa kuwa kuinuka ameshaona. Bwana Menrad akasita, dada akamwambia afanye, vitambaa vikahamishiwa upande wa ndani. Alanus akaweka vidole vyake katikati ya kiganja cha dada na kusubiri, kimya, mtu ambaye hakuwahi kukaa kimya. Vidole vya dada vikajikunja taratibu juu ya vidole vyake, vikambana. "Amenishika," akasema. Hakupiga kelele safari hii. "Shemeji, njoo uone, amenishika." Machozi yalikuwa yakimdondoka hadi kwenye waya, Bwana Menrad akamwomba asogee kidogo, ni hatari. Dada alikuwa akiangalia ukutani. Alanus aliondoka kesho yake, na ujumbe uliorudi kupitia dereva mwingine ulikuwa kwamba ameshatangaza kanisani kwao ziwani. Sadaka ya shukrani imepangiwa Jumapili, mama yake anasaga unga, ndugu wote wameitwa.

Kwao, na kwetu pia, aliyepona ndiye anayepeleka sadaka yake mwenyewe. Hubebewi. Unabeba ungo, unafika mbele, unapiga magoti na kuutoa kwa mikono miwili. Bwana Menrad alikataa kutoa ruhusa, halafu akatoa, kwa sababu dada alimuuliza swali moja tu, "Nikikataa kwenda, nitakuwa nimemwambia nini?" Tuliteremka ziwani kwa gari la misheni. Nilikuwa sijawahi kuona maji mengi namna ile, na sikuyatazama. Nyumba ya mama mkwe ilijaa wanawake wanaoparuza magamba, sufuria za wali, watoto wanafukuzwa na kurudi. Mama yule alimpokea dada kwa vigelegele, akamkumbatia, akamwita mama, akaushika mkono wa kulia na kuubusu. Chumbani dada aliniambia nimfunge mkono kwa kanga ndani ya gauni ili kiganja kikae juu, kiguse ukingo wa ungo. Nilifunga vizuri. Nikamwambia, "Dada, tuseme unaumwa tumbo." Akaniambia nikaze kidogo upande wa juu.

Kanisa lilikuwa limejaa. Ngoma zilipigwa, dada akaingia na ungo kichwani, unga na usipa na jogoo aliyefungwa miguu, mkono wa kushoto umeushika na wa kulia umekaa palepale nilipoufunga. Kwa mbali ungeapa kwamba amepona. Alanus alikuwa amesimama mbele, kwenye shati jeupe, na sura yake siku ile ndiyo ninayomkumbukia. Dada akafika, akapiga magoti, akaanza kuushusha ungo. Mkono mmoja hauwezi. Kanga ikafyatuka, mkono wa kulia ukaanguka pembeni yake, ungo ukainama, unga ukammwagikia begani, juu ya mkono, mpaka vidoleni, na hakuufuta. Jogoo alipiga mabawa sakafuni. Ngoma zikanyamaza moja moja. Padri alisogea kuchukua ungo, lakini Alanus aliwahi kufika. Alipiga magoti mbele yake kwenye ule unga, akauchukua mkono, akaingiza vidole vyake kiganjani. "Gaude," akasema, na kanisa zima lilisikia, "nishike. Nishike kama kule." Akasubiri. Dada alikuwa akilia. "Nishike basi mama."

Chakula kililiwa, kwa sababu kimeshapikwa. Sikumbuki mtu aliyesema neno baya. Mama mkwe alimpakulia dada yeye mwenyewe, akamkatia samaki vipande vidogo, akamwekea kijiko upande wa kushoto.

Alanus alitupandisha mwenyewe hadi hospitali, akaegesha kwenye mteremko, akaja moja kwa moja chumba cha mazoezi. Alimwamkia Bwana Menrad kwa adabu, kisha akamwambia anataka kuona yote, asifichwe. Bwana Menrad alimtazama dada. Dada akaitikia kwa kichwa. Basi akamkalisha Alanus kwenye kitanda cha mbao, akamfunga yeye vitambaa, akawasha mkondo wa haraka. Vidole vya Alanus vilidunda hapo hapo, pap, pap, pap, akashtuka akacheka bila kutaka. Kisha vitambaa vile vile, bado vina moto wa mwili wake, vikafungwa kwa dada. Kifundo kile kile. Hakuna. Kikazungushwa zaidi, hakuna. Ndipo akabadilisha, akaweka ule wa polepole, na vidole vikaanza kuinuka kwa uvivu wao, kama kinyonga anayepanda kijiti.

"Na tukisukuma kila siku?" Alanus akauliza.

Bwana Menrad alizima mashine kwanza. "Injini yake ni nzima, ndugu yangu. Na matairi yapo. Lakini propela ya kupeleka nguvu kwenye matairi imeng'oka. Hata ukisukuma mpaka ziwani."

Hiyo ndiyo lugha ya Alanus, na aliielewa yote kwa mara moja. Niliona ikimwingia. Akamuuliza dada, "Ulijua?" Dada akasema alijua. Hakuuliza tangu lini. Alisimama, akaokota kitambaa kilichoanguka, akakitia kwenye beseni, akasema anakwenda kutazama maji ya rejeta. Bwana Menrad akamfungua dada mkanda. Baadaye tukasikia wanaume wanasukuma, lori likaserereka, likakohoa, likawaka, na wasukumaji wakashangilia kama kawaida.

Dada hakusema kwamba Alanus amekwenda. Kesho yake aliniambia niloweke vitambaa vya mikondo yote miwili, na kesho kutwa vilevile. Mlio wa lori lolote ulipopanda kilima aliacha alichokuwa akifanya. Jikoni Mama Fidea, ambaye hakuna neno lililowahi kumshinda, alinipa usipa wake nusu, akageuka kuchochea moto. Wiki zilipita. Kahawa ilikuwa inaanza kuiva nje ya dirisha, mto ukapungua, na mshale wa mashine ukawa unatetemeka. Halafu siku moja lori lenyewe likaja, likaegeshwa pale pale kwenye mteremko, na aliyeshuka alikuwa kijana tusiyemjua. Alisema Alanus ameacha kazi, amevuka kwenda upande wa Msumbiji na hakuna ajuaye atarudi lini. Alimletea dada fuko la nguo zake kutoka ziwani, zimefuliwa na kukunjwa vizuri, kila moja. Hatukumwona tena, na kwenye msiba mwaka huu hakuwapo. Sijui kama yu hai.

Asubuhi iliyofuata dada alikwenda chumba cha mazoezi saa zile zile. Akakaa kwenye kitanda cha mbao, akafungua kanga. Nilikuwa nimeshaloweka vitambaa vyote. Bwana Menrad alifunga vya bega, akavikaza, akarekebisha kifundo mpaka dada akaitikia. Kisha akauchukua ule mkono, akaanza kufunga vya chini.

"Hivyo acha," dada akasema.

"Umechoka leo?"

"Sijachoka. Cha bega kiache, kinanisaidia nilale. Cha mkono toa, Bwana Menrad. Hakuna tena wa kumwonyesha."